Mbwa Asisikie

Fundi cherehani alikuwa amefumba macho dirishani, lakini masikio yake yalikuwa kazini. Kwenye kiti cha mbele yake, mzee aliyevaa tai alikuwa amempakata mbwa mweupe, manyoya yamechanwa vizuri kuliko nywele za abiria wote wa basi lile.

"Naigiza filamu ya kuchekesha, mzee wangu," msichana aliyeketi kando ya mzee huyo alikuwa akieleza. "Inahusu watu wanaoshindanisha mbwa kwa urembo. Hatuandikiwi maneno. Unaambiwa tu mbwa wako kashindwa, kamera inawashwa, unajieleza kama unahojiwa kweli."

Mzee, ambaye alikuwa njiani kwenda kwenye mashindano halisi ya aina hiyo, alinuna. "Kwa hiyo mnatucheka."

"Tunacheka pamoja nanyi."

"Mimi sijacheka."

Fundi alimchungulia mbwa. Naye hakuwa amecheka.

"Haya, mbwa wako kashindwa," mzee akasema. "Unafanyaje?"

"Navua kofia, naikanyaga, naangua kilio."

"Basi hujawahi kufuga. Ukilia atadhani kosa ni lake. Unambeba, unamsifu njia nzima mpaka nyumbani."

Msichana alitafakari. "Nikifanya hivyo watu hawatacheka."

"Watacheka. Mke wangu hucheka kila mwaka."

Basi likapunguza mwendo, likasimama kwenye kituo cha uwanjani. Msichana akamshikia mzee mlango. "Na huyu ameshinda mara ngapi?"

Mzee akamziba mbwa masikio kwa kiganja, taratibu, asivuruge manyoya.

"Bado," akanong'ona.