Waliopima Maji Mbugani

Ndugu Mgeni Rasmi, pamoja na viongozi mliofuatana naye, shikamooni.

KARIBU
Sisi wanafunzi na wazazi wa Chama cha Sayansi kwa Vitendo, Kijiji cha Ujamaa Isenegela, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Utuwie radhi tukikosea kusoma. Risala hii tumeiandika mara nne.

TULIKOTOKA
Chama kilianza mwaka 1971. Mwalimu Dionis alifika akakuta shule haina hata kipimajoto. Hakulalamika, aliwaita wazazi akawaambia kila mmoja ana sayansi yake nyumbani. Mzee Ngollo akatufundisha habari za nyuki. Fundi Nassibu wa Tabora mjini akakata madebe, akatutengenezea kipimamvua.

MAFANIKIO
Zamani sayansi ilikuwa kukariri. Leo mtoto wa darasa la nne anapima mvua kila asubuhi na kuiandika. Mwaka jana wenzetu wanne walichaguliwa kwenda sekondari, na kabla ya hapo hakuwahi kwenda hata mmoja.

MATATIZO
Chaki ni chache. Darasa la tatu linavuja. Tatizo lililobaki tunaogopa kulisema, lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwezi huu wa tatu tulisikia shule itahamishiwa mbugani, kule bondeni kwenye udongo mweusi, karibu na barabara. Tulichimba mashimo mawili, moja huku juu na jingine mbugani, tukamwaga debe moja la maji katika kila shimo. La juu lilikauka kabla ya kengele ya mapumziko. La mbugani lilikaa na maji siku tatu. Tukabandika karatasi kwenye ofisi ya kijiji: "Mwalimu Dionis ameona mbuga haifai kujengwa shule."

Hapo ndipo tulipokosea. Siku hizo zote Mwalimu alikuwa Urambo kufuata chaki, hakuona shimo wala maji. Kwetu mdogo hatangulizi jina lake mbele ya mkubwa, basi kwa heshima tuliandika la kwake peke yake. Kesho yake ya kubandika karatasi Mwalimu alirudi, ikaja Landrova, akaambiwa anapinga maendeleo, akachukuliwa kwa mazungumzo. Leo ni siku ya kumi na tisa. Mkewe, Mama Leonia, ndiye huyo aliyekaa mbele yako.

MAOMBI
Tunaomba chaki. Tunaomba bati kumi. Tunaomba pia Mwalimu aulizwe tena nani alipima. Tunamjua, atanyamaza ili asitutaje, kwa hiyo tunajitaja wenyewe. Hatupingi Ujamaa, Ndugu Mgeni Rasmi. Tuliogopa shule yetu isije ikazama.

Mashimo walichimba Masele Limbu na Mwanajuma Shaban. Maji alibeba Nyamizi Silasi. Saa alishika Mzee Ngollo. Aliyeandika karatasi ni mimi ninayesoma, Tatu Lukumani, wa darasa la saba.

Mungu akufikishe salama uendako, na yule tunayemngoja naye amfikishe kwake.

Ni sisi,
Chama cha Sayansi kwa Vitendo, Isenegela.
Waliotajwa wamesimama.