Kitambaa cha Mwalimu Wetu wa Dansi

Mheshimiwa Diwani, uliyetuachia ukumbi huu kila Jumamosi. Mwalimu wetu wa dansi, unayestaafu leo. Wazee wetu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wanadarasa wenzangu mnaojua vizuri nani humkanyaga nani: habari za jioni.

Nimeombwa nimuage Mwalimu kwa niaba ya darasa. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kusema na pini mdomoni, kwa hiyo mtanivumilia.

Mume wangu, yule aliyekaa karibu na nguzo, ni dereva wa lori mstaafu. Nyinyi mlimbatiza jina la Breki, kwa sababu kila muziki ulipokolea alisimama katikati ya watu kuangalia viatu vyake. Mwalimu alikuwa akimwambia, "Baba, miguu haijapotea, iko hukohuko. Mwangalie mama." Taratibu akaacha, tukawa wachezaji wa kutazamwa, si wa kuonewa huruma.

Kisha macho yake yakaanza kufifia, na daktari akatuambia wazi kwamba hayatarudi. Breki akasukumia viatu vya dansi uvunguni. "Nitavunja watu miguu," alisema. Nani kati yetu angethubutu kumlazimisha? Mwalimu alithubutu. Alikuja nyumbani, akasogeza meza ukutani, akasema, "Baba, kuongoza ni kazi ya kifua na mkono. Haya, inuka."

Tukaanza upya. Na hapo, ndugu zangu, ndipo ilipoonekana kwamba mwenye tatizo ni mimi. Mkono wangu uko begani kwake, basi namsukuma kidogo, namvuta kidogo, kabati lile, kiti hiki, nikidhani namsaidia. Mume wangu akasimama.

"Mama, nani anaendesha hapa?"

"Wewe."

"Basi toa mkono kwenye usukani."

Mwalimu hakucheka. Alivua kitambaa chake shingoni akanifunga macho mimi. Mimi ninayeona! Akamwambia mume wangu akipapase chumba kwanza, kona kwa kona, mpaka akijue kama njia zake za lori. Kisha akaweka muziki. Niliogopa, sifichi. Tuligonga kabati, vikombe vikalia, mume wangu akaliomba kabati radhi. Lakini wimbo ulipofika katikati nilihisi kifua chake kikigeuka kabla ya mguu, nikageuka naye. Miaka yote niliyocheza naye nikiona, sikuwahi kumsikiliza hivyo. Nikalowesha kitambaa cha watu kwa machozi.

Mwalimu, wengine wanasema tumehitimu. Tumehitimu nini? Kila wiki mkono wangu unarudia ukaidi wake, na kila wiki naufundisha tena. Nyumbani unatii. Hapa, mbele ya watu na nguzo, sijui.

Mume wangu hajacheza katika ukumbi huu tangu macho yafifie. Leo mchana alikuja mapema na Mwalimu, wakapapasa nguzo na safu za viti. Ameniambia, Mwalimu, atacheza wimbo mmoja wa kukuaga, kwa sharti moja. Sharti lenyewe ni hiki kitambaa chako nilichoshika.

Ndugu zangu, msitupishe wala msisogeze viti, ameshavikariri. Mwalimu, asante, tena asante. Nanyi nyote nawashukuru kwa masikio yenu.

Breki, nimeshajifunga. Njoo unichukue.