Mzee Zenon, Aliyelala Kazini kwa Faida Yetu Sote

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Zenon Sikazwe atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho na kukabidhi ufunguo, baada ya kuuza bima katika ofisi yetu ya Mbizi Bima, Sumbawanga, kwa miaka thelathini. Sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa akilala kazini. Tunaliandika hilo mapema, kabla mtu wa meza ya nyuma katika sherehe hii ya kumuaga hajalisema kwa sauti, na tunaliandika kwa shukrani.

Alizaliwa Wampembe, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, akaletwa huku juu Ufipa akiwa mdogo na kulelewa na shangazi yake aliyelima ulezi. Mpaka leo akisimama dirishani asubuhi ya baridi, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya mtaa wa Chanji, huwezi kujua kama anautazama mji au analiona ziwa. Wateja wapya humdhania amesahau kwamba wamekaa mbele yake. Hajasahau, anawasubiri wamalize kueleza.

Alianza na bima za malori ya mahindi na mashine za kusaga. Kazi ilikuwa ya taratibu, na yeye ni mtu wa taratibu. Kisha lami ikafika Sumbawanga, na magari ya vijana yakaja nayo: Crown, Altezza, Mark X, Subaru zenye turbo ambazo zikiwa mtaa wa Jangwani mlio wake uliusikia ukiwa umekaa mtaa wa Majengo. Vijana waliyanunua kwa jasho, kwa mauzo ya mpunga wa bondeni, kwa dagaa wa Kabwe, kwa mishahara ya miaka ya kwanza kazini. Walipokuja kuyakatia bima ndipo waliponyong'onyea.

Bima ndogo waliimudu. Lakini hiyo hulipa madhara ya mtu mwingine tu. Ukipinduka wewe, unabaki na vyuma vyako. Bima kubwa, inayolipa hata gari lako mwenyewe, ndiyo iliyowashinda. Kompyuta ya makao makuu ikishaona umri wa miaka ishirini na kitu, ikaona na ukubwa wa injini, hutoa bei ambayo kijana akiisoma anaaga kwa adabu na kuondoka.

Basi wakabuni ujanja wao. Kwa kipindi fulani, ukiziamini karatasi zetu, mabibi wa Ufipa ndio waliokuwa wakiendesha magari yenye kasi kuliko watu wote wa mkoa huu. Kila kijana alimwandikisha bibi yake kuwa ndiye dereva, na kompyuta, kwa kuwa huwaheshimu sana wazee, ikashusha bei. Mzee Zenon alizitazama karatasi zile kwa siku kadhaa. Kisha akapanda gari akaenda Kabwe kumwamkia Bibi Coleta, dereva wa Altezza nyekundu.

Bibi alimpokea vizuri na kumwandalia migebuka. Alipoulizwa kuhusu gari alisema, "Gari nalijua, mwanangu, ndilo lililonipeleka hospitali. Ila usukani sijawahi kuushika. Mimi hata baiskeli nabebwa." Mzee Zenon alikula samaki wake, akashukuru, akarudi mjini na kumwita mjukuu wa bibi huyo, Alphonce. Alimweleza kwamba siku ya ajali kampuni itauliza nani alikuwa ameshika usukani, na siku hiyo Bibi Coleta hataweza kumsaidia. Alphonce akaandika jina lake mwenyewe, bei ikapanda, akatoka na kukaa kwenye benchi la nje akiwa ameinamisha kichwa. Alikaa pale mpaka jua likamhama.

Mzee Zenon hakulivumilia benchi lile. Wiki hiyo aliwapigia simu makao makuu na kuwaomba wamkubalie bei nafuu kwa kundi dogo la vijana ambao yeye atawadhamini kwa jina lake. Kila kijana ataje dereva wa kweli, asiichezee injini kuiongezea nguvu, akubali kujilipia mwenyewe mikwaruzo midogo, na akimaliza mwaka bila kudai fidia, apunguziwe tena. Wakubwa walimuuliza atawajuaje walio wazuri. Akajibu kwamba atapanda nao. Lililobaki hakuwaambia.

Lililobaki lilikuwa hivi. Aliketi kiti cha mbele, akafunga mkanda, akamwambia kijana aende Ntendo, kisha ashuke njia ya Muze kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Yeye akaegemeza kichwa kwenye kioo na kuyaacha majani ya nyanda za juu yapite. Akishikwa na usingizi kabla ya kona za mteremko, kijana amefaulu. Asiposhikwa, wanarudi, na kijana anaambiwa ajaribu tena baada ya mavuno. Hakuwahi kupima baada ya chakula cha mchana, maana, alisema, usingizi wa ugali wa ulezi si ushahidi.

Tuliokuwa ofisini tulicheka sana, na aliyecheka kuliko wote ni mwandishi wa wasifu huu. Mzee Zenon alieleza bila haraka. Kijana akijua unamtazama, alisema, anaendesha kama amembeba askofu. Ukifumba macho anajisahau, anakuwa yeye mwenyewe, na mwili wako unaisikia kila breki na kila gia. Mwili ukimwamini unalala. Usipomwamini, hata ukiuimbia hautalala.

Na alipolala aliota. Hili ndilo vijana walilolipenda kuliko punguzo lenyewe. Akishaamka humweleza kijana alichoota ndani ya gari lake, polepole, akiwa bado anapangusa macho. Katika Crown ya Adriano aliota anatembea juu ya ziwa kutoka Kabwe akiwa na viatu vya ofisini, na viatu havikulowa. Katika Mark X ya Silvana, muuguzi wetu wa Izia, aliota shamba la shangazi yake likijivuna lenyewe, masuke yakijikusanya kwa nyimbo, na shangazi amekaa kivulini akiyapigia makofi. Silvana alilia, akasema hajawahi kupewa risiti nzuri kama ile. Baada ya muda vijana wakawa wakikutana mjini wanaulizana, "Mambo, mshikaji, umeshaotwa?" na mwingine anajibu, "Poa, mimi nimeotwa mvuani."

Kuna mwaka mkaguzi alifika bila taarifa na kumkuta Mzee Zenon ndani ya gari la mteja lililosimama mbele ya ofisi, kinywa wazi, kijana kakaa wima pembeni yake akiogopa hata kukohoa. Mkaguzi akaandika onyo kwamba mtumishi huyu analala kazini. Mzee Zenon alijibu kwa sentensi moja: "Ni kweli, na niliyelala kwake hajapata ajali." Onyo halikufutwa, lakini kundi pia halikufutwa. Gari lililowahi kuumia vibaya katika kundi lile ni la Adriano, ambalo liliangukiwa na mkaratusi likiwa limeegeshwa kanisani.

Sasa tuje kwa Valerian.

Valerian ni mtoto wa mwisho wa Mzee Zenon, fundi wa majokofu ya sola anayezunguka zahanati za bondeni ili chanjo zisiharibike. Ana Forester yenye turbo. Anaendesha vizuri, kila aliyepanda naye anasema hivyo. Aliomba kuingia kundini kama wenzake, baba akapanda, wakaenda mpaka mteremko wa Muze, na baba hakupata hata lepe la usingizi. Mwaka uliofuata ikawa hivyo tena. Na uliofuata. Mzee alirudi ofisini macho mekundu, akaketi, akaanza kupanga kalamu zake zilizokwisha kupangwa.

Tulimwambia amsamehe mwanawe jaribio. Alikataa, akasema akiacha kulala kwa mwanawe na bado akamdhamini, atawatazamaje wale aliowarudisha. Wakati huohuo mji ukaanza kusema. Kama Zenon halali kwenye gari la mwanawe wa kumzaa, basi ana analolijua. Vijana wakamtania Valerian sokoni kwamba hata mzee wake anamkodolea macho. Aliendelea kulipa bei ya ujana, hakulalamika. Siku moja tu alileta jokofu letu la maziwa ya chai baada ya kulitengeneza, akasimama mlangoni na kuniambia, "Dada Edith, bei nitaizoea. Nataka baba alale tu."

Mwezi uliopita Mzee Zenon alitaka kwenda Kaoze, kule bondeni, kumuaga Mzee Isdori, mteja wake wa kwanza kabisa wa mashine ya kusaga. Alimwomba Valerian ampeleke, na akaniomba nami niende, kwa kuwa kundi la vijana sasa linakabidhiwa kwangu. Nilikaa nyuma. Asubuhi ilikuwa ya baridi ile ya Ufipa inayokufanya upende blanketi. Alizeti zilikuwa zimeinama, milima ya nyasi ilikuja mmoja baada ya mwingine bila pembe, na Valerian aliipanda na kuishuka kiasi kwamba sikujua wapi kilima kimekwisha. Nakumbuka Ntendo. Nakumbuka ng'ombe wamesimama kando ya barabara wakitoa mvuke puani. Kisha niko Kabwe, na Bibi Coleta yuko kwenye usukani wa Altezza, ananipeleka juu ya maji na ananiambia nisiwe na wasiwasi, leseni anayo.

Nilipozinduka tulikuwa tumeshafika bondeni, joto limeingia kwa madirisha, na mteremko wote wa Muze uko nyuma yetu. Mzee Zenon alikuwa amegeuka ananitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kama kawaida; hakulala. Akasema, "Edith, umelala." Nikataka kukana, lakini shavu lilikuwa na alama ya mshono wa kiti. Akaniambia basi kundi ni langu sasa, na aliyelala ndiye anayedhamini. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba kwa miaka, na alilisema akitazama mbele, si kwa mwanawe wala kwangu. "Huyu hana kosa lolote. Mimi ndiye siwezi. Nikifumba macho namwona ana miaka minne, amekaa hapo, miguu haifiki chini."

Valerian alipunguza mwendo kidogo ili kuwapisha mbuzi. Tulipofika Kaoze, nikiwa nimeegemea mashine ya kusaga ya Mzee Isdori, nilisaini udhamini wa Valerian, na ninautangaza hapa mbele ya makao makuu: nilisaini kwa sababu nililala, na nikiulizwa nitasema hivyohivyo.

Safari ya kurudi ndiyo ambayo Mzee Zenon haijui yote, na tumekaa kimya mpaka leo ili aisikie hapa. Mzee, ulilala. Hukuwa na mtu wa kumpima tena, kalamu ilikuwa kwangu, na kabla hatujamaliza kuupanda mteremko kichwa chako kilishuka kwenye bega la mwanao. Nilimwona Valerian kwenye kioo. Hakufuta machozi kwa sababu angelazimika kuusogeza mkono. Tulipoingia mjini nilimwonyesha kona ya kwenda kwenu naye akaipita makusudi. Tulikwenda Kizwite, tukarudi Chanji, tukapita Malangali na Katandala, tukazunguka soko ambako wale waliokuwa wakimtania walimwona baba yake amelala, na wengine wakatupungia mikono. Mafuta yalipokaribia kwisha ndipo alipoegesha mbele ya mlango wenu, na hata hapo hakuzima injini, kwa kuwa aliogopa ukimya ungekuamsha. Asubuhi yake ulilalamika ofisini kwamba barabara ya Kaoze imekuwa ndefu. Haikuwa barabara.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wateja wa malori na mashine, mabibi waliorudishiwa ubibi wao, na vijana wote ulioota kwao, tunasema asante. Nenda ukapumzike, Mzee wetu. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na simu, na kiti cha mbele katika kila gari litakalosimama kukuchukua.

Kimebaki kitu kimoja tu kabla hujakabidhi ufunguo. Valerian ameketi meza ya mbele, upande wa dirishani. Kila kijana wa kundi hili aliambiwa ndoto yake isipokuwa yeye, naye ni mpole mno, hawezi kuiuliza. Tukimaliza kupiga makofi utapewa kipaza sauti. Hotuba unaweza kuiacha. Mwambie mwanao uliota nini.

Imeandikwa na Edith Mwanakulya, kwa niaba ya ofisi