Walivyousikiliza Moyo Wangu Bila Kisu

Ndugu zangu wa chama chetu cha kuzikana, mnaniona nimesimama. Najua baadhi yenu mlishaanza kuulizana nani atanichimbia kaburi. Siwataji. Nisikilizeni tu.

Nilikuwa nachimba tuta la reli, kule chini karibu na mto Ngerengere. Nilikwenda na nguvu zangu. Baadaye pumzi yangu ikawa inakatika. Nikiinua jembe kidogo, nachuchumaa. Msimamizi akaniita mvivu, na mnajua Wadachi wanavyomtibu mvivu. Nikachapwa viboko, nikarudishwa huku milimani miguu imevimba. Nikawa nalala nimeegemea ukuta, maana nikijinyoosha naona kama nazama majini.

Hapo nikaanza kuwashuku watu. Niliyekula naye kambini, nikasema kaniwekea kitu. Jirani akija kunijulia hali, najiuliza amekuja kutazama kama dawa yake imefanya kazi. Hata mke wangu nilimwambia aonje uji kwanza. Akaonja, akasema, "Kesho twende mjini kwa daktari wa Wadachi."

"Kwa mumiani? Akanifyonze damu?"

"Kwani hapa unapona?"

Tukashuka Morogoro, tunakwenda tunapumzika. Daktari alikuwa na mkalimani, mtu wa pwani. Nikatafuta kisu kwa macho, sikukiona. Ndugu zangu, nawaambia, nilizidi kuogopa: wamekificha wapi? Daktari akanishika mkono penye mshipa. Akaitazama shingo yangu. Akabonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki kama kwenye udongo mbichi. Kisha akatoa mrija mfupi wa mti, upande mmoja akauweka kifuani pangu, wa pili sikioni mwake.

Nikausukuma. Niliona ndiyo damu inaanza kutoka.

"Anasikiliza moyo tu," mkalimani akasema.

"Moyo wangu una maneno gani na Mdachi?"

Mke wangu akasimama. "Na mimi nisikie." Mkalimani akasita, lakini daktari akampa mrija. Mke wangu akausikiliza moyo wa mkalimani kwanza, kisha wangu. Nikaona uso wake unabadilika.

"Wa huyu unakwenda kama mtu anatwanga," akasema. "Wako unatimka, unajikwaa, unasimama, unatimka tena. Mume wangu, hakuna aliyekuroga. Moyo wako unaumwa."

Nililia. Kumbe mwingine naye ameyasikia yaliyokuwa yakinitesa peke yangu.

Nikapewa dawa ya matone, nikakatazwa chumvi na kazi ngumu. Nilikunywa huku nikisubiri kufa. Badala yake nikawa nakojoa sana, miguu ikanywea, nikalala kitandani kama watu. Msimamizi alipokuja kunidai kazini, daktari akazungumza naye Kidachi kwa muda mrefu. Nikajua naam, wananiuza. Msimamizi akaondoka, hajarudi.

Moyo haujapona wote. Napanda mboga zangu kidogo kidogo. Wala msidhani sasa nawaamini Wadachi. Mgongo wangu bado una alama zao. Lakini daktari yule namshukuru, na mkalimani wake, na nyinyi mliotulimia shamba. Zaidi ya wote namshukuru mke wangu, yule pale nyuma anayeinamisha kichwa.

Mtu akiwaambia pumzi hazimtoshi, msimwite mvivu, wala msikimbilie kuuliza nani kamroga. Wekeni sikio kifuani pake, msikie wenyewe.