Wageni wa Kila Mwaka: Risala ya Wafanyakazi wa Mkonge wa Mkwajuni kwa Bwana Afisa wa Kazi

Mgeni rasmi, Bwana Afisa wa Kazi uliyetoka Same kuja kutuona, Bwana Meneja, Bwana Karani, mnyapara wetu Sefu, akina mama na akina baba wa kambi:

KARIBU

Tunakukaribisha Mkwajuni kwa heshima zote. Barua yako ilisema utafika saa nne, nasi tulitaka kukupokea barabarani kwa ngoma. Lakini tuliambiwa tumalizie kwanza mkonge wa jana, ndiyo maana umetukuta bado tunanawa mikono. Utuwie radhi.

TULIPOTOKA

Wengi wetu ni Wapare wa Gonja, Mamba na Vudee, tulioshuka tambarare kutafuta fedha ya kodi na ya shule. Kila mmoja aliandikwa kwa mkataba. Mkataba uko kwa Kiingereza. Karani alitueleza kwa Kiswahili, tukatia dole gumba. Mambo mawili tuliyashika vizuri. Anayefanya kazi miezi kumi na miwili mfululizo atapewa likizo ya siku kumi na nne kwa malipo. Na saa zinazozidi nane kwa siku zitalipwa zaidi.

MAFANIKIO

Mwaka huu wa 1957 tumetoa singa, nyuzi za mkonge, nyingi kuliko mwaka jana. Kisima kimechimbwa. Mafanikio mengine atakueleza Bwana Meneja.

SHIDA ZETU

Mgeni rasmi, tungeweza kukutajia shida moja moja mpaka uchoke. Tumeona afadhali tukueleze yaliyompata mtu mmoja, kwa kuwa ndiyo yanayotupata sote.

Tumainieli wa Gonja ni fundi wa injini ya korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Amekuwa hapa tangu mwaka 1948. Ni mtu mpole, asiyependa maneno, na injini ile anaijua kuliko anavyojua tumbo lake mwenyewe. Mwezi wa sita alikwenda ofisini, kofia mkononi, kuomba likizo yake. Binti yake Eliwaza alikuwa anaolewa mwezi wa nane, naye alitaka kumwingiza kanisani kwa mkono wake.

Karani alifungua kitabu. "Una miezi saba hapa. Bado."

"Miaka tisa," Tumainieli akasema.

"Kitabu kinasema miezi saba. Wewe ni mgeni."

Tumainieli alidhani anataniwa. Hakutaniwa. Kila mtu hapa, akifika mwezi wa kumi na moja, huambiwa kazi imekwisha. Hukaa kambini siku tatu bila posho, kisha huandikwa tena kwa namba mpya. Mwezi wa kumi na mbili haumfikii kamwe. Tumainieli alikuwa ameandikwa upya mara tisa, na kila mara aliamini anafanyiwa hisani.

Akaomba basi ruhusa ya siku nne bila malipo. Bwana Meneja akakataa: injini haina fundi mwingine. Tumainieli alitoka akiwa amekunja kofia mpaka imepoteza umbo. Alituuliza: mgeni wa miezi saba anakuwaje mtu asiyeweza kukosekana hata siku nne?

Hata hivyo alipanga kuondoka Ijumaa kengele ikilia, avuke mlima usiku kucha, afike Jumamosi kabla ya ibada. Kengele ikalia. Sefu akasema mkonge uliobaki umaliziwe. Hapa kwetu, Bwana, kumalizia si kazi. Saa ya kazi inahesabiwa. Saa ya kumalizia haihesabiwi, hata ziwe tano. Walimalizia mpaka Jumamosi alfajiri.

Alifika Gonja jioni, viatu mkononi. Turubai lilikuwa linakunjwa. Mkewe Rogathe hakumpigia kelele. Alimwekea makande, akakaa kando.

"Tulikusubiri kanisani," akasema, "mpaka mchungaji akasema basi. Mjomba wake ndiye aliyemwingiza. Mtoto aligeuka mlangoni mara mbili kutazama barabara."

Tumainieli hakuyagusa yale makande. Alirudi kazini, akakatwa mshahara wa Jumatatu kwa kuchelewa.

Mwezi uliopita miezi yake kumi na moja ikatimia. Akaambiwa kazi imekwisha, akaenda kukaa nyumbani kwake kambini. Siku ya pili injini ikazima. Wakaijaribu asubuhi nzima. Majani yakarundikana mpaka nje ya banda, yakaanza kunuka. Sefu akatumwa. Sefu yupo hapa, atusahihishe tukikosea.

"Mzee Tumainieli, njoo, injini imezima."

"Mimi? Mimi sijaandikwa kazi hapa."

"Usilete maneno, Mzee. Bwana anakuita."

"Mwambie nitakuja nikishaandikwa. Namba yangu ya kwanza, ya mwaka arobaini na nane."

Alitueleza baadaye kwamba alijua nyumba ile ni ya shamba na angeweza kufukuzwa jioni ile ile. Bwana Meneja alikuja mwenyewe, akafoka, akaondoka. Saa kumi alirudi na karani na kitabu. Tumainieli alisubiri mpaka wino wa namba yake ya kwanza ukauke, akambembeleza karani amsomee mara mbili, ndipo akachukua spana. Injini ikawaka kabla jua halijazama.

TUNACHOOMBA

Sisi wakataji hatuna injini, Bwana. Mmoja wetu akikaa nyumbani siku tatu hakuna kinachosimama. Tuko mia mbili na kumi na nane, na hakuna atakayetujia mlangoni na kitabu.

Tunaomba neno "mfululizo" lielezwe maana yake, na aliyelikata kwa siku tatu aulizwe. Tunaomba kumalizia kuhesabiwe kuwa kazi. Tunaomba mkataba uandikwe kwa Kiswahili, kila mtu apewe nakala. Na kwa kuwa wenzetu thelathini na mmoja wataambiwa kazi imekwisha Ijumaa hii, tunaomba uombe kitabu leo, kabla hujaondoka.

Mwisho, utajiuliza kwa nini risala hii haisomwi na Tumainieli, ambaye ndiye tuliyemchagua. Alikataa. Yuko Gonja, nyumbani kwa mkwewe, anamtazama binti yake. Hii ni siku yake ya sita. Yuko likizo, Bwana, kwa malipo.

Mungu akurudishe Same salama, akupe afya na subira ya kusoma vitabu vyetu.

Imesomwa na Asheri, mkataji, kwa niaba ya
Wafanyakazi wa Shamba la Mkonge la Mkwajuni, karibu na Hedaru
Novemba, 1957