Bi Uliza Anaondoka: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuihoji Kompyuta

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, msimamizi wa kompyuta wa hospitali yetu atakabidhi funguo za chumba cha mitambo. Jina lake kamili wanalijua watu wa mishahara. Sisi wengine tunamwita Bi Uliza.

Alianza mapokezi, akiandika kadi za wagonjwa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliiogopa. Yeye akaazima vitabu na kujifundisha wakati wa chakula cha mchana. Jina la utani lilikuja baadaye, kwa sababu hakuwahi kukisia. Ukimwambia kompyuta imekufa, atakuuliza imekufaje, lini, na nani alikuwepo.

Mimi alinikuta na miezi miwili tu maabara. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeingizwa katika kikundi cha watumishi wanaoruhusiwa kufungua folda ya majibu ya vipimo, lakini programu ilinikatalia katakata. Niliifunga na kuifungua mara sita. Wodi zikapiga simu mfululizo, madaktari wanasubiri, na mkuu wangu akatangaza mbele ya watu kwamba nimevuruga mfumo. Kisha akamtaka Bi Uliza aifungue folda kwa kila mtu, yaishe.

“Siri ya mgonjwa haibandikwi ukutani,” alijibu, akavuta kiti.

Akaongeza mistari michache ya maagizo kwenye programu ili iuulize mfumo wenyewe: mimi niko katika vikundi gani? Kwanza iliuliza idadi ya vikundi, ndipo ikaandaa nafasi ya kupokea orodha. Kwenye kumbukumbu za watumiaji nilikuwa na vikundi vinne. Programu ikajibu vitatu. Cha majibu hakikuwemo.

Kumbe nilikuwa sijatoka kwenye akaunti yangu tangu jana yake, na kila nilipoifungua, programu ilirithi orodha ya jana, ya kabla sijaingizwa kikundini. Nikatoka, nikaingia upya. Vinne! Majibu yakaenda wodini.

Bi Uliza hakuondoka hapo. Alisubiri mkuu wangu arudi, akamwambia mbele ya watu walewale, “Huyu binti hajavuruga kitu.” Mkuu aliniomba radhi. Nami nilikwenda nyuma ya jokofu la sampuli, nikalia kidogo.

Tangu hapo amefundisha watumishi wa idara zote, na hakuna folda ya wagonjwa iliyowahi kuachwa wazi mikononi mwake. Kasoro yake moja ni miwani: huitafuta jengo zima ikiwa kichwani.

Sasa anarudi kwa mumewe, mwalimu mstaafu, ambaye ameshaonya kwamba nyumbani maswali matatu kwa siku yanatosha.

Dada yetu, pumzika kwa afya na furaha, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi. Umewatunzia siri watu wengi ambao hawatakujua kamwe. Sisi tunaokujua tunakushukuru kwa niaba yao.