Mzee Taban Sebit na Pikipiki Isiyo na Kiki

Tarehe 30 Septemba 2016 Mzee Taban Sebit anatundika helmeti. Aliingia Huduma ya Chanjo ya Mashariki mwaka 1976, pale Jinja, akiwa kijana wa miaka ishirini, na anaiaga hapa Mbale akiwa na wajukuu. Hiyo ni miaka arobaini. Watu wa utawala wanasema tutoe ile aliyokaa ukimbizini. Mzee anajibu kwamba muda wote huo ufunguo wa pikipiki ya ofisi ulikuwa shingoni mwa mkewe, kwa hiyo alikuwa kazini. Mimi niko upande wa Mzee.

Nimepewa kuandika wasifu huu na kuusoma mbele yenu leo mimi, Joash Makokha, dereva, mtu wa Bungoma niliyeletwa Mbale na barabara kuu nikasahau kurudi. Wamenichagua kwa sababu ninaandika Kiswahili bila kutoka jasho, na kwa sababu nimeisukuma pikipiki ya Mzee kuliko mtu mwingine yeyote aliye hai. Mgongo wangu ni shahidi.

Kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo mahali ambapo gari langu linashindwa. Sanduku la barafu nyuma, sindano ndani ya mkoba, na chini yake ile pikipiki ya enduro iliyokuja mpya mwaka 1977, iliyotengenezwa kwa milima na matope. Ni ndefu hata wafanyakazi wa Jinja wakaiita Twiga. Injini yake ni ya mipigo minne: oili ina chumba chake chini, petroli ina tangi lake juu, na viwili hivyo havichanganywi. Kijana Taban hakulijua hilo. Alikuwa amejifunzia pikipiki ya mjomba wake Bakhit, ya mipigo miwili, ile ambayo oili unaimimina ndani ya petroli. Basi akamimina. Alipopita nayo katikati ya mji wa Jinja, moshi ulikuwa mwingi kiasi cha wenye maduka kufunga milango wakidhani kuna nyumba inaungua. Hadithi hii anaisimulia mwenyewe, tena kwa kujivuna, kama mtu aliyewahi kusimamisha mji.

Tangu siku hiyo alijifunza, na alijifunza vizuri. Oili ilibadilishwa kabla haijawa nyeusi. Nafasi za vali zilipimwa asubuhi injini ikiwa bado baridi. Mnyororo ulipakwa mafuta, spoku zikagongwa moja moja na kusikilizwa. Kichujio cha hewa, ambacho ni sponji tu, alikiosha kwa mafuta ya taa, akakikausha kivulini, akakipaka oili. Spea zilipoadimika, sponji hiyo ilitoka kwenye godoro la nyumbani. Hadijah, mkewe, anasema alianza kuona miguu yake inaning'inia akiwa amelala, akadhani anarefuka. Alipojua ukweli, Mzee alilala kwenye mkeka.

Mwaka 1979 vita vilifika Jinja. Serikali ya wanajeshi ikaanguka, na hasira ya watu ikawashukia Wanubi wote, watu wa kabila la Taban walioonekana kuwa ndio askari wake, hata wale ambao hawakuwahi kushika bunduki. Baba yake Taban alikuwa askari mstaafu. Taban mwenyewe alikuwa ameshika sindano tu, lakini wakati ule nani angeuliza? Majirani zake wa Wanyange, kitongoji alichokaa pale Jinja, ndio waliomshauri aondoke na mkewe upesi, na walimwambia huku wanalia.

Ofisi ilikuwa imefungwa, mkubwa wake amekimbia, na Twiga ilikuwa uani kwake. Kuondoka nayo kungekuwa wizi. Kuiacha nzima kungekuwa kumzawadia askari wa kwanza atakayepita. Mzee akachukua spana, akaifungua yote alasiri moja, akaigawa kwa majirani kama nyama ya Idd. Injini ilikwenda kwa Nabirye, muuza samaki, ikafungwa nguo iliyolowa oili na kusukumwa chini ya kitanda. Fremu ilipandishwa juu ya banda la mbuzi la Akoth, na magurudumu yakaifuata. Mkono wa kiki, kile chuma cha pembeni unachokanyaga ili injini iwake, alimpa Isabirye, fundi matofali, rafiki yake wa tangu utotoni. Aliona kwamba kitu kinachowasha kikae kwa mtu anayemwamini kuliko wote. Ufunguo akamvisha Hadijah, wakaenda zao kaskazini, hadi Sudan.

Walirudi mwaka 1987. Ofisi yetu ilikuwa imehamia Mbale, na mimi nilikuwa mgeni hapa, lakini hata mimi nilikuwa nimeshasikia habari za Mnubi aliyekimbia na pikipiki ya chanjo. Alipojitokeza mlangoni, mwembamba, koti limempwaya, aliambiwa usoni kwamba yeye ni mwizi. Nilikuwepo. Hakubisha. Aliomba muda kidogo tu, akageuka akarudi Jinja kwa lori la ndizi.

Wanyange alimkuta Nabirye na injini yake. Mama yule alikuwa akiigeuza upande kila alipokumbuka, kama mgonjwa asiyeweza kujigeuza, kwa kuogopa isishikwe na kutu upande mmoja. Fremu ilikuwa juu ya banda, kuku wamezoea kutagia penye betri. Magurudumu yalikuwepo. Kila kitu kilirudi, isipokuwa mkono wa kiki. Isabirye alikuwa amefariki katika miaka ile mibaya, nyumba yake imeng'olewa mabati, na mjane wake alikuwa amewapeleka watoto kwa watu wake Kamuli. Kuhusu kile chuma hakuna aliyejua lolote.

Mzee aliiunga Twiga, akaipa oili mpya, akaipandisha kilimani, na Nabirye na Akoth wakaisukuma kwenye mteremko mpaka ikawaka. Hakuizima njiani. Iganga aliongeza petroli injini ikiunguruma, na mwenye kituo akamtukana mpaka akachoka. Alikuja kuizima hapa Mbale, chini ya dirisha la mkubwa, kisha akapanda ngazi akaweka ufunguo mezani. Wiki iliyofuata alirudishwa kazini. Waliomwita mwizi walimpa mkono, na mimi nikawa wa kwanza kuombwa kusukuma.

Nikasukuma. Tulisukuma wote. Wapishi, wahasibu, wauguzi, wageni waliokuja na tai. Mzee akawa mtu wa miteremko: popote alipofika, kwanza alitazama ardhi inainama upande gani, ndipo akaegesha. Kule Bududa milimani wamama walizoea. Mwanzoni walifunga milango waliposikia Kiswahili chake, maana kwao lugha ile ilikuwa ya askari na vipigo. Alijifunza kutanguliza "mulembe", salamu yao ya amani, kabla ya neno jingine lolote, na baada ya chanjo wakawa wanamsukuma wao wenyewe kwa vigelegele.

Safari moja siwezi kuiacha. Ilikuwa miaka ya vita vya Teso, surua imeingia kwenye kambi ya wakimbizi upande wa mji wa Kumi, na barafu ndani ya sanduku inayeyuka. Kwenye kizuizi askari walimwamuru azime injini. Mimi nilikuwa nyuma na gari, nikaona bunduki zimeinuliwa, nikaanza kusali. Nikamsikia Mzee akijibu kwa upole kabisa: "Sawa, afande, nazima. Lakini hii haina kiki. Nyinyi ndio mutasukuma." Akazima. Wakapekua sanduku, wakakuta chanjo za watoto, wakatazamana. Kisha wale askari wakaweka bunduki begani wakasukuma, na mkubwa wao akisukuma kuliko wote. Chanjo zilifika zikiwa baridi. Wapo watu wazima leo Kumi wanaotembea kwa sababu ya msukumo ule.

Sasa mtu atauliza, na mimi niliuliza miaka mingi: amani iliporudi na spea zikajaa madukani, kwa nini hakununua kiki nyingine? Ofisi ilimnunulia. Iko stoo mpaka leo, ndani ya karatasi yake. Kila mkubwa mpya alimwamuru aifunge, na kila mara Mzee alisema ndiyo, bwana, kisha akaniita nije nisukume. Niliona ni ukaidi. Siku moja, mvua imetunyeshea, miguu yangu imezama matopeni, nilimfokea. Nilimwambia anatutesa kwa ajili ya kipande cha chuma.

Alipangusa tangi kwa mkono. "Makokha, mimi waliniita mwizi mbele ya watu," akasema. "Nikifunga hii mpya, nimesema Isabirye alikula ile yangu. Yeye hawezi kuja kujitetea. Acha nafasi yake ikae wazi."

Tangu siku hiyo sikufoka tena. Nilisukuma, na nilijua ninasukuma nini.

Mzee alimtafuta mjane wa Isabirye Kamuli mara mbili, akaambiwa amehama. Kila Idd alikwenda Wanyange kusalimia, akauliza tena, akarudi mikono mitupu. Miaka hii ya mwisho aliacha kuuliza. Alipokaribia kustaafu, hakuulizia kiinua mgongo wala karamu. Aliniambia tu kwamba inamuuma kuondoka na ile nafasi ikiwa bado wazi, kwa sababu atakayeirithi Twiga atafunga kiki ya stoo siku ya kwanza, na jina la rafiki yake litakuwa limekwisha.

Mzee, kuanzia hapa naomba usikilize ukiwa umekaa.

Mwezi uliopita muuguzi wetu Maximilla alikwenda kuchanja wasichana kwenye shule moja ya msingi Wanyange. Kengele ya shule hiyo ni ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa mtini. Ilipogongwa, Maximilla akatazama inagongwa kwa kitu gani. Amesukuma Twiga miaka kumi, macho yake yakiwa mbele ya tundu lile lenye meno ambapo kiki inapaswa kukaa, kwa hiyo analijua umbo la kinachokosekana. Akaomba kukishika kile chuma. Upande unaoshikwa ulikuwa na meno, na meno yote yalikuwepo.

Aliyekileta shuleni ni binti wa Isabirye, ambaye sasa ni mpishi pale. Alirudi Wanyange akiwa mtu mzima, wewe ukiwa umeshaacha kuuliza, akakichimbua chini ya tanuri la matofali la baba yake. Alikuwa mdogo sana walipokihifadhi, na jina alilopewa ni Taban tu, Mnubi aliyekwenda Sudan. Kina Nabirye walikuwa wameshafariki, na wengine walimwambia waliokwenda Sudan hawakurudi. Maneno ya baba yake aliyashika: chuma hiki si chetu, siku moja utakiweka mahali ambapo kila mtu anakiona, ili asitokee wa kukiuza na mwenyewe akipita akijue. Akakipeleka kwenye kengele. Kwa hiyo, Mzee, miaka hii yote uliyokwenda Wanyange kula Idd na kesho yake ukasikia kengele ya shule ukasema watoto wametoka, ulikuwa unasikia kiki yako. Isabirye alikuwa anakuita.

Binti yake ameketi safu ya pili, mwenye vazi la gomesi la kijani, na kitambaa mapajani, kile chuma kikiwa ndani. Shule tumeipa nyundo mpya. Uongozi nao umekubali jambo ambalo tuliliomba sote kwa pamoja: Twiga imeandikwa kwa jina lako. Umeitunza karibu miaka arobaini ikiwa mali ya watu. Itunze sasa ikiwa yako, na utuachie magodoro yetu. Iko nyuma ya hema, oili imebadilishwa, vali zimepimwa asubuhi ikiwa baridi kama ulivyotufundisha. Kiki hatujaijaribu. Hakuna aliyethubutu.

Kwa niaba ya wenzako wote, asante. Asante kwa watoto wa milimani na wa kambini, asante kwa mzaha wako siku tulizoogopa, asante kwa Hadijah aliyetukopesha wewe na kipande cha godoro. Mungu akupe uzee wenye afya kule Jinja, wajukuu wasikivu, na njia kavu. Ukipita Mbale usitafute mteremko wa kuegesha. Sisi wasukumaji tunastaafu leo pamoja nawe.

Simama sasa, Mzee. Pokea kitambaa mkononi mwa binti wa rafiki yako, tukusindikize nyuma ya hema, uifunge kiki mahali pake, ukanyage tukisikia.